Consolata: jina la Torino lililofika hadi Kapsoya

Mtu wa Pwani akisikia neno "Mtaliano" mawazo yake huenda Malindi. Huwaza nyumba za makuti ufuoni, pitsa, vijana wa ufuoni wanaokisema Kitaliano kushinda Kiingereza, na kule Ngomeni kituo cha San Marco ambako setilaiti zilikuwa zikirushwa kutoka baharini. Lakini jina la kike la Kitaliano lililokita mizizi katika nchi zetu halikutoka Malindi. Lilishuka bandarini, likapita haraka, likapanda garimoshi na kwenda kumea milimani. Jina lenyewe ni Consolata, na leo utalikuta hadi huku Kapsoya, mtaa ulio mashariki ya mji wa Eldoret, kwenye orodha za shule, kwenye vitabu vya vyama vya akina mama, na kwenye simu za watu likiwa limekatwa na kubaki "Conso".

Wasomaji wengi wa Pwani, hasa sisi tuliolelewa katika madrasa, tunalijua kuwa ni jina la kanisani na tunaishia hapo, ilhali maana yake tunayo nyumbani kwa jina jingine. Na katika mji kama Eldoret jina la mtu si pambo. Kuna siku zilipita hapa ambapo jina lilikuwa suala la kuishi au kufa, na Consolata lina lake la kusema katika hilo. Nitafika huko.

Tuanze na maana. Kilatini kina kitenzi consolari, yaani kufariji, na Kitaliano kikasema consolare. Consolata ni umbo la kutendwa, tena la kike: aliyefarijiwa. Si mfariji, ni mfarijiwa. Watu wengi, hata wenye jina lenyewe, husema maana yake ni "mfariji", na kosa hilo lina sababu yake. Jina hili ni sifa ya Bikira Maria, na katika litania ya Kanisa Katoliki Maria huitwa kwa Kilatini Consolatrix Afflictorum, mfariji wa wenye huzuni. Kwa sarufi, jina la msichana lingetoka hapo. Lakini watu wa Torino, mji mkubwa wa kaskazini mwa Italia, walikuwa na lahaja yao ya Kipiemonte, na kwa lahaja hiyo walimwita la Consolà. Jina la sokoni likalishinda jina la vitabuni. Mapadri walipoulizwa inakuwaje mfariji aitwe mfarijiwa, walijibu kwamba Maria alifarijiwa na Mungu kwanza ndipo akaweza kufariji wengine. Jibu zuri, ingawa kwa maoni yangu lahaja ilitangulia na maelezo yakafuata nyuma.

Sasa njoo kwetu. Neno "faraja" lenyewe ni la asili ya Kiarabu, kutoka mzizi unaobeba wazo la kufunguka kwa dhiki, kama mlango uliokuwa umefungwa. Ndiyo maana Pwani tuna akina Faraji na Faraj, na bara kuna wasichana wengi wanaoitwa Faraja. Halafu kuna Salwa. Salwa kwa Kiarabu ni faraja, kitulizo cha moyo; pia ni jina la wale ndege waliotajwa katika Qur'ani pamoja na manna, walioteremshiwa Wana wa Israili jangwani. Basi Salwa wa Lamu na Consolata wa Kapsoya wakikutana katika bweni la chuo kikuu hapa Eldoret, mmoja amevaa buibui na mwingine rozari shingoni, wamebeba jina moja. Tofauti ni ndogo tu: mmoja ni faraja yenyewe, mwenzake ni yule aliyeipata.

Turudi Torino. Simulizi za mji huo zinasema kwamba katika karne ya nne askofu Eusebius wa Vercelli, aliyewahi kuishi uhamishoni Misri, alirudi na picha ya Maria, picha hiyo ikawekwa kanisani, kanisa likaja kubomoka na picha ikapotea. Kisha mwaka 1104 kipofu mmoja kutoka Briançon, upande wa pili wa milima ya Alps, akaoteshwa ndoto, akasafiri mpaka Torino, watu wakafukua magofu, picha ikaonekana na macho yake yakafunguka. Hiyo ni simulizi ya imani, na kila mji wa kale unayo ya kwake. Sisi pia tuna visima na makaburi yenye habari kama hizo. Kinachoshikika ni jengo. Kanisa la Consolata lipo Torino mpaka leo. Msanifu Guarino Guarini alilichora upya kuanzia mwaka 1678, na Filippo Juvarra akaongeza madhabahu yake katika karne iliyofuata. Sikukuu yake ni tarehe 20 Juni.

Matukio mawili yalilifanya jina hili liwe la mji mzima. Mwaka 1706 jeshi la Ufaransa liliuzingira mji wa Torino kiangazi kizima. Watu walimlilia Consolata, na mwezi Septemba mzingo ukavunjika. Mwaka 1835 kipindupindu kilipita, na baadaye nguzo yenye sanamu ya Maria ikasimamishwa kando ya kanisa kwa shukrani. Vita na maradhi: ndiyo mambo yanayowafanya watu watafute faraja, na ndiyo yanayofanya jina liingie ndani ya nyumba.

Italia ilikuwa na mtindo wa kumpa msichana sifa ya Maria badala ya jina Maria lenyewe. Assunta ni aliyepalizwa mbinguni. Concetta ni kutungwa mimba pasipo dhambi, na ndugu yake ni Immacolata. Annunziata ni aliyepashwa habari na malaika. Addolorata, na hili huniingia moyoni, ni mwenye uchungu. Fikiri kumwita mtoto mchanga mwenye uchungu. Rosaria, Carmela, Mercede na Grazia ni wa ukoo huohuo. Consolata ni dada yao. Kaskazini aliegemea Torino, na kusini kabisa, katika mji wa Reggio Calabria ambako somo wa mji ni Mama wa Faraja, jina hili lilipata hata la kiume: Consolato. Neno hilo kwa Kitaliano pia ndilo linaloandikwa kwenye milango ya ofisi za konseli wa Italia popote duniani, kwa hiyo kuna wanaume wa Reggio wanaoitwa kama ofisi ya viza. Asili za maneno hayo mawili ni tofauti, lakini masikio hayajali asili.

Wahispania wana Consuelo na Consolación kwa maana ileile. Na mwandishi wa Marekani Toni Morrison alimpa jina Consolata mmoja wa wanawake wakuu wa riwaya yake Paradise ya mwaka 1997.

Huko kwao Italia jina hili limechakaa. Wazazi wa leo huita watoto Sofia, Giulia, Aurora. Consolata ni jina la nyanya, au la mtawa. Mmoja aliyejulikana sana alikuwa Sista Consolata Betrone, mtawa wa ndani karibu na Torino, aliyefariki mwaka 1946. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Pierina, na Consolata alipewa alipoingia utawani. Jina likazeeka kule lilikozaliwa, likapata ujana hapa. Hivyo ndivyo majina yanavyosafiri: ukitaka kujua Waingereza wa mwaka 1900 waliitaje watoto wao, soma orodha ya darasa katika shule ya Kakamega ya mwaka 1980.

Lilisafirije? Kwa mkono wa padri mmoja ambaye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Giuseppe Allamano alizaliwa tarehe 21 Januari 1851 huko Castelnuovo, kijiji alikozaliwa pia Don Bosco aliyekuja kuwa mwalimu wake. Kuanzia mwaka 1880 alikuwa msimamizi wa kanisa la Consolata, na akakaa katika kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1926. Tarehe 29 Januari 1901 alianzisha shirika la wamisionari na kulipa jina la kanisa lake. Mwaka 1910 akaongeza la masista. Afya yake ilikuwa dhaifu, hakuweza safari, basi akawatuma wengine. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024.

Wanne wa kwanza waliondoka Torino Mei 1902: mapadri Tommaso Gays na Filippo Perlo, na mabradha Celeste Lusso na Luigi Falda. Hapa Pwani ina sehemu yake. Wakati huo sehemu kubwa ya Kenya ya sasa, kwa upande wa Kanisa Katoliki, ilikuwa chini ya Zanzibar, kwa askofu Émile Allgeyer wa shirika la Roho Mtakatifu. Yeye ndiye aliyewapa Wataliano hao nafasi ya kufanya kazi Ugikuyu. Reli ilikuwa imeshafika ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo mlango wao wa kuingilia bara ulikuwa Mombasa. Mwisho wa Juni walikuwa wamefika Tuthu, Murang'a, kwa chifu Karuri wa Gakure, wakasoma misa yao ya kwanza pale. Kutoka Tuthu wakaenea Nyeri na Meru. Kanisa kuu la Nyeri mpaka leo linaitwa kwa jina la Consolata, kadhalika hospitali ya Mathari mjini humo, hospitali ya Nkubu upande wa Meru, na kanisa maarufu la Westlands, Nairobi.

Kuenea kwa shirika ni jambo moja, kuenea kwa jina ni jingine. Kilichoyaunganisha ni kitabu cha ubatizo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishindwa au wakikataa, padri aliambiwa aongeze yeye mwenyewe jina la mtakatifu na ayaandike yote mawili. Kwa hiyo Wanjiru aliyefika kisimani pa ubatizo akiwa Wanjiru tu, aliondoka na la pili. Padri Mtaliano angempa jina gani? Yaliyokuwa kinywani mwake: Agnese, Lucia, Teresa, na la nyumbani kwake mwenyewe, Consolata. Sheria hiyo ilikuja kulegezwa mwaka 1983. Siku hizi kinachotakiwa ni jina lisilopingana na imani ya Kikristo, na msichana anaweza kubatizwa kwa jina la kwao bila nyongeza. Lakini kufikia hapo vizazi vitatu vilikuwa vimeshaitwa Consolata, na msichana wa kizazi cha nne hapewi jina hilo na padri bali na bibi yake. Kwa Wagikuyu binti wa kwanza hurithi jina la mama wa baba, na jina la ubatizo la bibi mara nyingi hurithiwa pamoja nalo. Hapo ndipo jina linapoacha kuwa la kigeni. Mimi sioni tofauti kubwa na sisi: hakuna anayemwambia Mwanaisha wa Pate kwamba ana jina la Kiarabu.

Ulimi nao ulifanya kazi yake. Kigikuyu hakina sauti ya L, kwa hiyo kwa wazee wa Murang'a L hiyo iligeuka R. Kwa Kiswahili C ikawa K, Konsolata, na wanaosema haraka wakalikata.

Kuna Mtaliano mmoja ambaye hadithi yake inapita Pwani yetu yote, na huku milimani wanamkumbuka kuliko sisi. Alizaliwa mwaka 1891 huko Anfo, akaitwa Mercede, yaani rehema, moja ya zile sifa za Maria nilizozitaja. Alipoingia katika masista wa Consolata akapewa jina Irene, ambalo kwa Kigiriki ni amani. Alifika Kenya mwanzoni mwa 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimeshawaka. Waingereza walikuwa wakiwakusanya Waafrika kuwa wapagazi wa jeshi, ile Carrier Corps iliyotuachia majina ya Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Sista Irene alihudumu katika hospitali za wapagazi hao Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Baada ya vita akapelekwa Gikondi, Nyeri, akafundisha na kuuguza kwa miaka kumi. Tarehe 31 Oktoba 1930 alikufa kwa tauni, baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni. Watu wa Gikondi walikuwa wameshampa jina lao: Nyaatha, mama wa huruma. Tazama basi. Wazazi wake walimwita rehema kwa Kitaliano, shirika likambadilishia, na wanakijiji wakamrudishia jina lake la kwanza kwa Kigikuyu. Alitangazwa mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na wasichana wanaoitwa Irene Nyaatha si wachache huko.

Tanzania jina lilifika kwa mlango mwingine. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kutokana na vita hiyohiyo, Wataliano wa Consolata waliingia Iringa mwaka 1919. Ndiyo maana Iringa na Njombe jina hili si geni. Watanzania wote walilijua vizuri kwa ajili ya Maria na Consolata Mwakikuti, mapacha walioungana, waliozaliwa mwaka 1996 Ikonda, Makete. Walipobaki yatima walilelewa na shirika la Maria Consolata, na jina hilo moja likagawanywa kwa wawili, mmoja akawa Maria, mwenzake Consolata. Walisoma mpaka kidato cha sita, wakaingia chuo kikuu Iringa, wakasema wanataka kuwa walimu. Walifariki tarehe 2 Juni 2018, wakiwa na miaka 21. Taifa zima liliwalilia.

Na lipo tukio ambalo msomaji Mwislamu wa Pwani anapaswa kulijua. Sista Leonella Sgorbati, aliyezaliwa Rosa mwaka 1940 na kupewa utawani jina lenye maana ya simba jike mdogo, aliishi Kenya kuanzia mwaka 1970. Alikuwa muuguzi, akafundisha wauguzi Nkubu, kisha akaenda Mogadishu kuanzisha mafunzo ya wauguzi huko. Tarehe 17 Septemba 2006 alipigwa risasi akivuka barabara kutoka hospitalini. Mlinzi wake, Mwislamu Msomali Mohamed Mahamud, baba wa watoto wanne, alijaribu kumkinga na akafa naye. Walioshuhudia dakika zake za mwisho walisema alirudia neno la kusamehe. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 2018. Habari zikiandikwa, jina la sista hutangulia na la mlinzi hufuata katika mstari mmoja mfupi, na mimi naona majina hayo mawili yanastahili herufi za ukubwa mmoja.

Sasa Kapsoya. Kwa Kikalenjin "Kap" ni kama "Kwa" yetu, ile ya Kwa Jomvu na Kwa Shee: mahali pa fulani, nyumbani kwa fulani. Mji wenyewe umebadilisha jina. Wazee bado huuita Sisibo, matamshi ya wenyeji ya "sixty-four", kwa sababu ulianzia kwenye shamba la walowezi namba 64. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na mwezi Agosti 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji. Kapsoya ni wadi katika eneo bunge la Ainabkoi, na ni mtaa wa watu mchanganyiko: Wakalenjin, Wagikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakisii, na sisi wa Pwani wachache tuliofuata kazi au masomo.

Kanisa Katoliki la huku Uasin Gishu halikujengwa na Wataliano. Walioanzisha jimbo la Eldoret katika miaka ya 1950 walikuwa Waairishi wa shirika la Mtakatifu Patrick, na ungetarajia majina yawe ya Kiairishi. Yapo, akina Brigid na Patricia. Lakini Consolata nalo lipo, na nionavyo mimi lililetwa na watu wenyewe: familia zilizohama kutoka Nyeri na Murang'a kununua mashamba baada ya uhuru, wauguzi na walimu waliosomea katika shule za masista, akina mama waliojifungulia katika hospitali zenye jina hilo langoni.

Na angalia lilivyokaa kando ya majina mengine. Mkalenjin humwita binti kwa saa aliyozaliwa: Chepkoech wa alfajiri, Chebet wa mchana, Chepkemoi wa usiku. Mjaluo naye ana Atieno wa usiku. Mbukusu ana Nekesa wa wakati wa mavuno. Mgikuyu ana Wanjiru, jina la mmoja wa mabinti wa Mumbi. Weka Consolata mbele ya kila mojawapo nalo linakubali. Consolata Chepkemoi na Consolata Atieno wote ni "aliyefarijiwa, aliyezaliwa usiku", kwa lugha tatu zisizoelewana.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Katika Kenya jina la kwanza husema dini, la pili husema kabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Eldoret na viunga vyake viliungua. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, si mbali na mji, lilichomwa moto watu wakiwa wamejificha ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Barabarani vizuizi viliwekwa na watu wakaulizwa vitambulisho. Waliokuwa wakisoma vitambulisho hivyo hawakujali jina la kwanza. Consolata haikumwambia mtu chochote, wala Mary, wala Grace. Macho yalishuka mpaka neno la pili. Mwanamke mmoja akapita, mwingine mwenye jina lilelile la ubatizo, aliyepokea komunyo katika benchi lilelile Jumapili iliyopita, akateremshwa.

Wapo wanaosema kwa hiyo majina ya kigeni hayana faida, hayakumwokoa mtu. Wapo wanaosema kinyume, kwamba tungekuwa na jina la kwanza tu tungekaa salama zaidi, na baada ya mwaka ule baadhi ya wazazi mijini walianza kuwapa watoto majina mawili ya kizungu na kuficha la ukoo. Mimi siafiki la kuficha. Sisi wa Pwani tunajua upande wa pili wa kisa hicho: kwetu jina la kwanza ndilo lililokuwa na taabu. Ni vijana wangapi walioambiwa walete kitambulisho cha babu kwa sababu tu jina lao ni Abdalla au Swaleh? Huku bara la pili linakuhukumu, kule Pwani la kwanza linatosha. Karani anayemsimamisha Swaleh na kijana mwenye panga anayemteremsha Wanjiru wanasoma kadi ileile kwa jicho moja.

Nimalizie na la matumizi, kwa kuwa huniuliza watu. Jina likiandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa "Consolata", kadi ya ubatizo ikawa na "Konsolata", na karani wa shule akaongeza T ya pili, mtoto atakuja kusumbuka siku ya kuomba kitambulisho, pasipoti au mkopo wa elimu ya juu. Tofauti ndogo ya herufi mara nyingi humalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kuongeza, kuondoa au kubadilisha jina lenyewe ni kazi ya deed poll, ambayo lazima isajiliwe na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Rahisi kuliko yote ni kulinganisha karatasi mapema, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kitaifa, maana jina linaloingia kwenye cheti cha mtihani ni gumu kulitoa. Umbo la Kitaliano ni C moja mwanzoni, L moja, T moja. Lakini kama cheti cha kuzaliwa kina K, fuata K.